Jimmy Sangster: Mwandishi aliyezipima filamu za kutisha kwa mfuko wa kampuni

KIJANA wa Same anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha hana haja ya kwenda mbali kutafuta hadithi. Milima ya Upare ina mapango, ukungu wa msitu wa Shengena, misitu ya jadi iliyotunzwa na koo kwa vizazi, pamoja na masimulizi ya mumiani yanayojulikana kote Afrika Mashariki. Kikwazo cha kwanza huwa ni fedha.

Historia ya filamu nchini Uingereza inaonyesha kwamba kikwazo hicho kinaweza kugeuzwa kuwa mbinu. Mfano wake ni Jimmy Sangster, mwandishi wa miswada ya filamu aliyefariki dunia Agosti 19, 2011 akiwa na umri wa miaka 83. Miswada yake ilichangia sana kuipatia kampuni ndogo ya Hammer jina duniani.

Alianzia nyuma ya pazia

Sangster alizaliwa Wales, Desemba 2, 1927. Aliingia katika kazi za filamu akiwa kijana, akapanda ngazi hadi kuwa msaidizi wa mwongozaji, kisha meneja uzalishaji. Kazi hiyo ni ya kupanga ratiba, kutafuta watu na vifaa, na kujua kila tukio litagharimu kiasi gani.

Mwaka 1955 Hammer ilipata mafanikio kwa filamu ya The Quatermass Xperiment, ikataka nyingine ya aina hiyo. Nigel Kneale, aliyembuni mhusika Quatermass, alikataa mhusika wake atumike tena. Sangster akapewa nafasi ya kuandika hadithi mpya, X the Unknown, iliyotoka mwaka 1956.

Mwaka uliofuata ilitoka The Curse of Frankenstein, aliyoiandika pia. Riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818 ilikuwa huru kutumiwa na yeyote, lakini sura ya zimwi iliyoonekana katika filamu ya Universal ya Marekani ya mwaka 1931 ilikuwa na mwenyewe. Hammer ilibuni sura nyingine. Sangster naye aliuhamisha uzito wa kisa kutoka kwa zimwi kwenda kwa daktari aliyeliumba, aliyeigizwa na Peter Cushing. Hakuandika tukio la umati wa wanakijiji kuivamia ngome, kwa kuwa umati unalipwa.

Kupunguza bila kupoteza

Mbinu hiyo ilionekana wazi zaidi katika Dracula ya mwaka 1958. Riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 ina safari ya meli hadi Uingereza, na mnyonya damu anayeweza kujigeuza popo au mbwa mwitu. Sangster aliiondoa safari hiyo, akaweka maeneo yote karibu karibu. Kuhusu kujigeuza mnyama, alimfanya mhusika mmoja aseme kuwa hiyo ni imani potofu tu. Kwa sentensi hiyo gharama kubwa ikaepukwa, na Dracula wa Christopher Lee akabaki mtu mwenye umbo la mtu, jambo lililozidisha hofu.

Aliandika pia The Mummy (1959). Jina la filamu hiyo lina undugu na neno mumiani: yote mawili yanatokana na mumiya, neno la Kiajemi na Kiarabu lililotaja kitu cheusi kama lami kilichotumika kuwa dawa.

Baadaye aligeukia visa vya watu wachache ndani ya nyumba moja, kama Taste of Fear (1961) na The Nanny (1965). Aliongoza filamu tatu kati ya mwaka 1970 na 1972, akaandikia televisheni nchini Marekani, na mwaka 1997 akachapisha kumbukumbu za maisha yake.

Tahadhari kwa Upare

Tanzania nayo ina watangulizi wake. Katika miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha zilizochota katika imani zinazofahamika na watazamaji.

Hata hivyo, si kila kitu cha jadi kinafaa kugeuzwa kitisho. Zamani baadhi ya koo za Wapare zilihifadhi mafuvu ya wazee wao na kuyafanyia tambiko. Hiyo ilikuwa heshima kwa waliotangulia. Filamu inayoonyesha mahali pa aina hiyo kuwa makao ya shetani itapata watazamaji na kuwadhalilisha wenyeji kwa wakati mmoja.

Masimulizi ya mumiani nayo yana hatari yake. Enzi za ukoloni uvumi huo uliwaangukia watu halisi, wakiwamo wazimamoto wa Nairobi walioshukiwa kuchukua damu. Dracula ni mtu wa kubuni, na hakuna jirani anayenyooshewa kidole kwa sababu yake. Mwandishi anayemchukua mumiani anapaswa kumjengea umbali huo huo.

Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi. Hadithi ya kale ni urithi wa jamii, lakini muswada ulioandikwa upya kutokana nayo una mwenyewe. Kwa asiye na fedha za seti wala umati, karatasi hizo ndizo mtaji wa kwanza.