Dawa za presha: Beta-bloka zote si sawa

Miongoni mwa mizigo ambayo wengi wetu tulio ughaibuni huibeba tunapokwenda likizo nyumbani, ukiacha nguo na simu, ni dawa za presha. Mama ana presha, mtoto wake wa London naye anayo, basi humpelekea pakiti mbili tatu za vidonge anavyotumia mwenyewe. Nia ni njema, lakini hatari ipo, hasa dawa zenyewe zikiwa za kundi la beta-bloka.

Dawa hizi hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Propranolol, iliyotengenezwa miaka ya 1960 na James Black wa Uingereza (alipata tuzo ya Nobel mwaka 1988), haichagui: hugusa moyo na pia njia za hewa. Mwenye pumu akiimeza anaweza kubanwa kifua vibaya sana. Atenolol na bisoprolol huelekea zaidi kwenye moyo, ingawa nazo si salama kabisa kwa mwenye pumu. Wenye kisukari nao wajihadhari, kwani beta-bloka huficha moyo kwenda mbio, moja ya dalili za sukari kushuka.

Atenolol ilitumika mno kwa miaka mingi. Mwaka 2002 utafiti wa LIFE, uliohusisha wagonjwa 9,193, ulionyesha kuwa waliopewa losartan walipata kiharusi pungufu kwa robo hivi kuliko wa atenolol. Ajabu ni kwamba washiriki weusi, 533, hawakuonyesha nafuu hiyo. Mwaka 2006 Uingereza iliacha kuzipendekeza beta-bloka kuwa dawa za kuanzia presha ya kawaida. Kwa watu weusi, amlodipine au dawa za kukojosha kwa kawaida hushusha presha vizuri zaidi.

Lakini mwenye moyo uliodhoofika ni habari nyingine. Huyo bisoprolol, carvedilol au metoprolol humrefushia maisha, naye asibadilishiwe kienyeji.

Balaa kubwa huja pakiti zikiisha. Beta-bloka ikikatwa ghafla, presha hupanda, moyo huenda mbio, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akisimamia. Kwa hiyo afadhali mama atumiwe fedha za daktari, na aandikiwe dawa atakayoipata kila mwezi huko huko aliko.