Ufaafu wa Anwani: Asubuhi Mbaya katika Siku Njema

Ukiulizwa ueleze ufaafu wa anwani ya riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), usikimbilie kuandika kwamba inafaa kwa sababu msimulizi anafanikiwa mwishowe. Si uongo, ila ni jibu jembamba.

Anza na methali. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Sasa itazame asubuhi ya Kongowea Mswahili. Anazaliwa Tanga, hamjui babake, na watu wanamwita mwana haramu. Mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab, anafariki Kongowea akiwa bado mtoto. Anahamia kwa Bi Rahma, na huko anakutana na Mzee Juma Mzee, mlevi anayemnyanyasa bila haya. Kwa kipimo cha methali, maisha haya yamekwisha kuharibika kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo penye kinaya, na mtahini anataka ukitaje kwa jina.

Lakini usiishie hapo. Huenda unasomea Kayole au Makongeni, na labda wewe pia unalelewa na jamaa asiyekuzaa. Basi utagundua haraka kwamba riwaya hii haimwombei mtoto huyu huruma. Inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na Kongowea aliyekwisha kukomaa ndiye anayekumbuka. Kwa hiyo machungu yanasemwa kwa utulivu, pengine hata kwa mzaha, na ndiyo maana yanatuchoma zaidi. Angelialia kila ukurasa, tungechoka naye.

Tena, ile asubuhi haikuwa giza tupu. Mamake alikuwa mtu wa maneno, na mwanawe anakua na kipaji cha Kiswahili. Majirani walitazama ndoa ambayo haikuwapo. Hawakusikia lugha iliyokuwa ikirithiwa mle ndani. Nuru ilionekana asubuhi, ila si pale walipoangalia. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hoja bora kuliko zote kuhusu anwani hii, na haipingani na ile ya kinaya. Ziandike zote mbili.

Safari ya kumtafuta baba, Ahmed Mswahili, inamtoa Kongowea Tanga, inamvusha mpaka na kumfikisha hadi Kitale, eneo ambalo Walibora mwenyewe alilijua tangu utotoni. Ukipanda matatu kutoka Barabara ya Jogoo kuelekea mjini, utapita Barabara ya Landhies, karibu na soko la Muthurwa. Hapo ndipo mwandishi huyu aligongwa na gari Aprili 2020, akafariki.

Zoezi: Rudi kwenye sura za mwanzo. Tafuta mahali pawili ambapo msimulizi anataja jambo la kuumiza kwa sauti ya utulivu. Andika upya kifungu kimoja kwa nafsi ya tatu, kisha ueleze umepoteza nini. (Alama 10)