Wasukuma mawe wa barafuni hulipwa nini?

Kila ikifika Olimpiki ya majira ya baridi, wengi wetu huuona mchezo wa kalingi kwenye televisheni, tukacheka kidogo, tukabadilisha stesheni. Mtu anasukuma jiwe la karibu kilo 20 juu ya barafu, wenzake wawili wanasugua njia kwa brashi mbele ya jiwe, nahodha anapiga kelele upande wa pili. Mimi huutazama mpaka mwisho, na barazani swali ninaloulizwa ni hili: hao wanalipwa?

Yategemea wanacheza wapi. Na ukisikia kitita kinatajwa, jua ni cha timu. Timu ni watu wanne, na kabla hawajagawana, watoe nauli, hoteli na ada ya kuingia.

Pesa zenyewe hazikuja kwa hisani. Huko Kanada, ubingwa wa wanaume uitwao Brier unachezwa tangu 1927. Viwanja vilijaa, wadhamini wakalipa, lakini bingwa alirudi nyumbani na kombe bila zawadi ya pesa, tena alibanwa hata kuvaa nembo ya mdhamini wake mwenyewe. Mwaka 2001 timu kubwa, ikiwemo ya Kevin Martin wa Edmonton, zikachoka. Zikajiunga na mashindano mapya ya pesa, Grand Slam, na Brier zikaisusia.

Si wote waliogoma. Randy Ferbey, naye wa Edmonton, alibaki Brier akaichukua 2002 na 2003. Kulikuwa na minong'ono kwamba kashinda kwa sababu wakubwa hawapo. Mgomo uliisha 2003, pesa na nembo zikapata nafasi, na 2005 Ferbey akalichukua kombe tena. Wenye minong'ono wakanyamaza. Hata hivyo mimi nawapa haki waliogoma. Bila wao chama kingeendelea kuuza tiketi na kugawa vikombe.

Olimpiki ni habari nyingine. Kamati ya kimataifa haimlipi mshindi hata senti. Anayelipa ni nchi yake, ikitaka. John Shuster na wenzake walipoipa Marekani dhahabu ya kalingi 2018, kamati ya kwao ilikuwa ikitoa dola 37,500 kwa kila mwenye dhahabu. Shuster alikuwa ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya michezo.

Wanariadha wetu wanaijua hali hiyo. Ndiyo maana lilikuwa jambo kubwa shirikisho la riadha la dunia lilipotoa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha pale Paris 2024. Beatrice Chebet alishinda mbili, mita 5,000 na 10,000, na hakuwa na wenzake watatu wa kugawana nao.