Bahari Nyeusi: Mnyama laini asiye na ubongo aliyewanyima wavuvi samaki

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wa Uturuki na wa nchi zingine zinazozunguka Bahari Nyeusi waliona samaki wao wakipungua ghafla. Mmoja wa waliolaumiwa ni mnyama asiye na mfupa wala ubongo, ambaye karibu mwili wake wote ni maji.

Wanasayansi wanamwita Mnemiopsis leidyi, wa kundi la tenofora. Ukimtazama haraka utadhani ni konyeza, lakini huyu hachomi. Mwilini ana mistari minane ya vinyweleo vidogo vinavyopiga maji kama makasia. Mwanga ukivigusa, rangi za upinde wa mvua hukimbia juu ya mwili wake. Ni mzuri kweli kumtazama.

Kwao ni pwani za Amerika, upande wa Atlantiki. Inaaminika alifika Bahari Nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndani ya maji ambayo meli za mizigo hubeba tumboni ili zisiyumbe zikiwa tupu, kisha huyamwaga bandarini. Huko hakukuta adui. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, anaweza kujitungisha mayai mwenyewe, na akishiba hutaga maelfu kwa siku.

Anakula viumbe vidogo vinavyoelea majini, pamoja na mayai na watoto wa samaki. Basi anchovi, samaki wadogo kama sambaza wa Ziwa Kivu, walipigwa mara mbili: chakula chao kililiwa, na watoto wao pia. Lakini si yeye peke yake mwenye kosa. Watu walikuwa tayari wamevua kupita kiasi, na mito ilikuwa inaleta uchafu na mbolea za mashambani.

Afueni ilianza mwaka wa 1997, alipoonekana tenofora mwingine, Beroe ovata, ambaye chakula chake ni tenofora wenzake. Huwameza wazima, au huwakata vipande kwa vinyweleo vigumu kama meno. Mnemiopsis wakapungua, samaki wakaanza kurudi.

Lakini tayari alikuwa njiani: mwaka wa 1999 alithibitishwa katika Bahari ya Kaspi, na wavuvi wa Iran nao wakaanza kulia.

Mkataba wa kimataifa unaozilazimisha meli kudhibiti maji hayo kabla ya kuyamwaga ulipitishwa mwaka wa 2004. Ulianza kutumika Septemba 2017.