Kadi ya Bima na Mgonjwa Asiyepona

Neno "hospisi" huwatisha wengi, wakidhani ni nyumba ya kupeleka watu wakafe. Sivyo. Ni kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona tena: kumtuliza maumivu, kumsafisha vidonda, kumsikiliza, na kuwasaidia wanaomwuguza. Siku hizi tunaiita pia tiba shufaa, na mara nyingi hufanyika nyumbani, kwenye kitanda chake mwenyewe. Hospisi ya namna hii ilianza London mwaka 1967 kwa juhudi za Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari. Nairobi ilipata yake mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya maji. Mgonjwa huinywa kila baada ya saa nne hata kama maumivu hayajarudi, maana kuyazuia ni rahisi kuliko kuyafukuza. Wapo wanaoikataa wakisema inaua. Ikipimwa sawasawa haiui. Lakini hufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Na wenye wasiwasi wa dhamiri wajue kwamba Papa Pius XII alikwisha kueleza mwaka 1957 kuwa ni halali kumtuliza maumivu anayekufa.

Sasa bima. Kadi hulipia huduma zilizomo katika kitita chake, kwenye kituo kilichosajiliwa, basi. Hailipi zaidi kwa sababu hali ni mbaya. Nendeni mapema dirisha la bima, mwenye kadi akiwa bado ana nguvu ya kutia sahihi, mkaulize: Mofini imo? Muuguzi akija nyumbani, nani analipa? Barua ya rufaa inatakiwa? Kadi inakwisha lini? Pampasi za watu wazima, sabuni, uji wenye lishe na gari la kukodi viwekeeni akiba yenu wenyewe.

Kinachonisikitisha ni familia kuuza ng'ombe au shamba ili kumhamishia mgonjwa hospitali ya mbali wiki ya mwisho. Kabla ya kuuza, mwulizeni daktari waziwazi: "Safari hii itamsaidia, au itamchosha tu?" Mgonjwa naye aulizwe anataka kuwa wapi. Padre aitwe angali anaweza kuitikia sala.

Chupa ya mofini ifungiwe mbali na watoto, na itakayobaki irudishwe hospitali.