Karata za Katikati

Wanangu, ukishika ree na saba ya turufu huhitaji mwalimu. Ukishika magarasa matupu, nayo hayakuumizi kichwa. Kazi ipo kwenye karata za katikati, zisizo nzuri wala mbaya, na wengi hufungwa hapo.

Tuseme tuko Kihurio, jua la saa nane limetutoa shambani, Milima ya Upare iko nyuma yetu. Tumekaa wanne kivulini, wawili kwa wawili, tunacheza wahedi wa sitini. Nane, tisa na kumi tumeziweka kando, zimebaki karata 40. Ree ni 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla 120, upande ukifika 61 umeshinda. Wareno nao huhesabu hivyo hivyo katika bisca yao.

Turufu ni shupaza. Umebakiwa na mzungu wa nne wa kopa, tatu ya uru na nne ya shupaza. Mpinzani anaanza na ree ya pau, mwenzako anatupa garasa, mpinzani wa pili anaongeza mzungu wa pili wa pau. Wewe ni wa mwisho na pau huna. Mezani pana 13: kata kwa nne ya shupaza, uzizoe zote! Yangekuwa magarasa tu, ningekusihi utupe tatu ya uru, turufu uifiche.

Ukianza wewe, mambo ni magumu zaidi, maana hujui wenzako watajibu nini. Usimtoe mzungu wa nne kabla ya kujiuliza: ree ya kopa imepita? Saba je? Zikiwa zimepita zote mbili, hakuna kopa ya kumla, anaogopa turufu peke yake. Turufu ziko kumi, kwa hiyo zihesabu tangu mwanzo. Watoto wengi hukumbuka karata walizokula, wakasahau walizoliwa.

Tena tazama pointi zenu. Mkiwa na 58, mwenzako amekata magarasa ya pau kwa turufu na zamu yako ni ya mwisho, mpe mzungu wa nne bila kusita. Mmefika 62. Changanyeni karata upya.