Mali bila daftari na dai la bima

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini nionavyo mimi, anayestahili kuizingatia zaidi siku hizi ni mwananchi aliyeikatia bima nyumba yake pamoja na vitu vilivyomo, kisha akadhani kuwa kulipa ada kila mwaka kunatosha.

Nikiwa mwanaisimu, neno 'dai' hunivutia sana. Ninapomdai mtu, naitaka haki yangu iliyo mikononi mwake. Lakini gazeti linapoandika kwamba fulani 'alidai' kuibiwa, msomaji hufahamu mara moja kuwa jambo hilo bado halijathibitishwa. Dai la bima huanza kwa maana hii ya pili. Kinacholivusha hadi ile ya kwanza ni ushahidi, na jukumu la kuutoa ni la aliyepata hasara.

Mwenzangu mmoja kazini aliunguliwa na nyumba usiku. Fomu ilipomtaka aorodheshe vilivyoteketea, aliandika: televisheni kubwa, makochi, vyombo vya jikoni, nguo. Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililomfaa. Mtathmini wa hasara hawezi kukadiria bei ya 'kubwa'. Hutaka kujua televisheni ilikuwa ya aina gani, ya inchi ngapi, ilinunuliwa lini na kwa shilingi ngapi. Risiti zilikuwa kabatini, na kabati nalo likawa majivu. Alilipwa sehemu ndogo tu ya alivyovipoteza.

Basi ushahidi uandaliwe kabla ya janga. Orodhesha vitu chumba baada ya chumba, ukiandika aina, mwaka wa kununuliwa na bei. Piga picha kwa simu, huku milango ya makabati ikiwa wazi, na usisahau nambari zilizobandikwa nyuma ya friji na redio. Risiti nyingi za madukani huchapishwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia, kwa hiyo zipigwe picha mapema. Aliyelipa kwa M-Pesa anaweza kuomba taarifa ya malipo yake. Muhimu zaidi, nakala ziwekwe mbali na nyumba hiyo, iwe ni kwa ndugu au katika barua pepe.

Janga likishatokea, ijulishe kampuni mara moja, tena kwa maandishi. Kama ni wizi, piga ripoti kwa polisi na uchukue nambari ya OB. Usitupe mabaki kabla mtathmini hajayaona. Gharama za ukarabati wa dharura nazo ziwekewe risiti. Kila uzungumzapo na afisa wa kampuni, andika jina lake, tarehe na mliyokubaliana.

Kuna mtego mwingine, nao ni thamani. Tuseme vitu vyako ni vya Sh1,000,000 nawe ukavikatia bima ya Sh500,000. Moto ukiharibu vya Sh200,000, mikataba mingi huiruhusu kampuni kukulipa Sh100,000 pekee, kwa hoja kwamba ulivikinga nusu. Kutia chumvi nako hakusaidii, kwani uongo kuhusu kitu kimoja unaweza kulibatilisha dai zima.

Hata hivyo, si haki kuwatwika wananchi lawama zote. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ilhali mikataba ya bima aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata wasomi hukisoma kwa taabu. Mtu asiyeyaelewa masharti atajuaje ushahidi atakaotakiwa kuutoa? Mamlaka inayosimamia bima nchini ingefanya jambo la busara kuzitaka kampuni zimpe kila mteja, siku anapotia saini, maelezo ya Kiswahili sanifu kuhusu namna ya kudai na stakabadhi za kuhifadhi.

Wakati tukiyangoja hayo, daftari la kawaida linauzwa katika kila duka la mtaani. Linunue wiki hii, uanze na sebule.